ULIZA ANKO: Mshahara unaingia, ila hii kazi ya kompyuta nimeichoka

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wa IT, sijui mmeambiana kwenye grupu gani. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kirefu sababu malalamiko yake ndo yaleyale yaliyojaa kwenye nyingine ambazo sijaziweka, kwa hiyo ukijiona humo na wewe chukua chako. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Nimegeuzwa mkaguzi

Anko shikamoo. Mimi ni developa, niko kwenye kampuni moja ya mambo ya malipo hapa Dar, niliingia 2021 na kipindi kile aisee kazi ilikuwa tamu, tulikuwa timu kubwa, tunaunganisha benki na mitandao ya simu, mtu analipa kwa kontrol namba sekunde mbili risiti imetoka na unajua kabisa hii kitu nimeitengeneza mimi. Sa hivi tumeshapunguzwa mara mbili, tuliobaki tunabeba kazi za walioondoka, na juu ya hapo bosi katoka kwenye semina sijui wapi kaja na habari kwamba kila mtu atumie AI, hii akili mnemba, eti kazi ya wiki iishe siku moja.

Kwa hiyo siku yangu iko hivi, kuna vijana wawili wa fildi wanaiambia AI iandike programu, inamwaga mamia ya mistari, wanatuma kwangu nikague, nikiuliza hapa kwanini umefanya hivi naambiwa "sijui bro, ndo ilivyotoa". Najiona kama mwalimu anayesahihisha mitihani ya mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia darasani. Juzi kati nimekuta sehemu ambayo mtandao ukikatika kabla jibu la benki halijarudi, programu inatuma muamala upya bila kuangalia kama ule wa kwanza ulishapita, yaani mteja angekatwa hela mara mbili, na imeandikwa vizuri kweli, maelezo yapo, kila kitu kinang'aa. Nimeikamata saa tano usiku. Hakuna aliyesema hata asante maana kitu ambacho hakijatokea hakionekani kwenye ripoti.

Nina miaka 33, sijui nimechoka au nimezeeka. Mke wangu anasema niache kulalamika, mshahara si unaingia. Nibadilishe kampuni, nibadilishe fani, au nivumilie?
— Mkaguzi wa Tegeta

*Anko:* Marahaba Mkaguzi. Mkwe wangu mwambie hajakosea, mshahara kuingia ni neema na wapo wanaosoma ukurasa huu wangebadilishana na wewe leo leo. Ila mtu anaweza kulipwa vizuri na bado kazi ikawa inamla taratibu, hayo mawili hayapingani.

Tuanze na hela, maana wengi mmejiaminisha AI ndo iliyowapunguza. Rudi nyuma kidogo. 2020 na 2021 riba Marekani ilikuwa karibu na sifuri, mwenye hela zake akiweka benki hapati kitu, kwa hiyo hela zikamwagwa kwenye kampuni changa za teknolojia, huko kwao mpaka huku Lagos, Nairobi na Dar, na wewe ukaajiriwa kwenye wimbi hilohilo. Machi 2022 benki kuu yao ikaanza kupandisha riba, kufika Julai 2023 iko kwenye asilimia 5.25 mpaka 5.5. Sasa kama mtu akiikopesha tu serikali anapata faida bila presha, ahangaike na startapu inayomwambia faida itakuja baada ya miaka saba ya nini? Bomba likafungwa. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, ikapunguza watu 11,000, Januari 2023 Google ikatangaza 12,000. ChatGPT imetoka tarehe 30 Novemba 2022, yaani wale wa Meta walikuwa wameshapata barua zao wiki tatu nyuma. AI ilikuta msiba umeshaanza. Ila sa hivi imekuwa sababu nzuri ya kuuendeleza, maana bosi akitangaza "tunapunguza watu hela imekata" wawekezaji wanashtuka, akitangaza "tunapunguza sababu tunatumia akili mnemba" wanampigia makofi.

Nakwambia haya ili uache kujikagua na wewe kama unavyokagua hizo programu. Miaka 33 umezeeka wapi bana. Stack Overflow, ule mtandao mliokuwa mnaenda wote kuuliza maswali kabla ya hizi AI, walifanya utafiti wao wa 2024, wanaosema wana furaha kazini ni kama mtu mmoja kwenye watano, theluthi wakasema kabisa hawana furaha, waliobaki wapo wapo tu. Na kero namba moja, iliyotajwa na asilimia 62, ilikuwa viraka juu ya viraka kwenye mifumo, zile kazi za "tutarekebisha baadaye" ambazo baadaye yake haifiki. Utafiti wa 2025 ukaleta kero mpya, asilimia 66 wanalalamikia majibu ya AI ambayo yanakaribia kuwa sawa ila hayako sawa. Hiyo ndo ya kwako ya saa tano usiku, neno kwa neno. Kitu kibovu kabisa unakiona na kukitupa, kile kilichokaribia ndo kinachokula macho.

Alafu kuna shirika moja linaitwa METR, Julai 2025 wakatoa matokeo yao, walichukua madevelopa 16 wazoefu wakawapa kazi 246 kwenye miradi wanayoijua wenyewe, nyingine wafanye na AI nyingine bila. Wakiwa na AI walitumia muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Kinachochekesha ni kwamba ukiwauliza walikuwa wanaamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Watu 16 ni wachache, na hivi vifaa vinabadilika kila baada ya miezi, kwa hiyo usiende kumgongea bosi meza na hiyo namba. Ila inatosha kukuonyesha kwamba ile "kazi ya wiki kwa siku moja" mtu anaweza kuiamini kwa moyo wote na saa ya ukutani ikamkatalia.

Sasa uchovu wako. Mi nilianzia kwenye madishi ya VSAT, yale makubwa ya intaneti ya setilaiti juu ya paa za mabenki na mashirika ya wafadhili, na fundi wa dishi enzi zile alikuwa mtu bwana, anakuja na gari, anasubiriwa na chai. Julai 2009 mkonga wa SEACOM, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukafika Dar, 2010 ukaja wa EASSy, na wengi wetu simu zikaacha kuita. Iliuma. Ila sisi tulinyang'anywa dishi tukapewa mkonga, kulikuwa na kitu kipya cha kujifunza na mtu ukajisikia unakua tena. Wewe umeachiwa kazi ileile, wakachomoa sehemu tamu, ile ya kutengeneza, wakakubakishia lawama. Ikipita hakuna anayejua, ikikwama wa kwanza kupigiwa simu ni wewe. Mtu yeyote angechoka hapo, hata wa miaka 22.

Kwa hiyo kabla hujabadili kampuni wala fani, nenda kaombe mamlaka yanayolingana na hizo lawama. Aliyetuma programu ndo anaielezea, awe ameiandika mwenyewe au ameandikiwa, akisema "ndo ilivyotoa" inarudi bila kusomwa. Mzigo uwe mdogo, mistari mia nane hakuna binadamu anayeikagua kwa akili, anaipitisha tu macho na kuomba Mungu. Na sehemu inayogusa hela ya mteja moja kwa moja muikubaliane kabisa, kila muamala na namba yake ya kumbukumbu, jibu lisiporudi unauliza kwanza hali ya muamala ule kabla hujatuma mwingine, na majaribio ya hilo yanaandikwa na mtu kabla AI haijaguswa. Hiyo ya kukatwa mara mbili ni ugonjwa wa zamani kuliko hizi AI zote, nimeuona unalaza watu ofisini wiki nzima wanarudisha hela mmoja mmoja.

Ukimwendea bosi usimwambie umechoka, mwambie hasara. Mwambie leseni ya malipo iko Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2015, wateja wakikatwa mara mbili malalamiko hayatakuja kwako, yatamfuata yeye. Na muulize kistaarabu, hawa vijana wa fildi wakikwama huwa wanabandika nini kwenye AI? Nina wasiwasi wanabandika kumbukumbu za miamala na majina na namba za simu za watu humo humo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake ipo inafanya kazi, na seva za hizo AI hazipo Kijitonyama. Hapo lazima atakaa vizuri kwenye kiti.

Mpe muda, ujiwekee tarehe moyoni bila kumwambia mtu. Akikupa hayo mamlaka, baki, maana mtu anayejua kukamata kile ulichokamata thamani yake inapanda sio kushuka. Asipokupa, anza kutafuta ukiwa bado ndani, usije ukarusha barua kwa hasira, weka kwanza matumizi ya miezi sita pembeni na mkwe ajue. Mabenki yanahitaji watu wa kuunganisha mifumo, na serikalini kupitia Ajira Portal nafasi za TEHAMA zinatoka, hela inaweza isifike unayopata sasa na mambo huko yanaenda kwa vikao, ila kuna watu vikao vimewaponya presha. Kubadili fani nakushauri iwe ya mwisho kabisa. Mtu anayeandika barua nzima kuhusu kosa moja la kurudia muamala, na ukisoma unaona kabisa alifurahi alipolikamata, fani bado anayo.

Kamba ya kijani

Habari za kazi Anko. Mimi nafanya kwenye chumba cha kuangalia mtandao, wenyewe tunaita NOC, minara ikizima sisi ndo tunaona na kutuma mafundi. Niko pale mwaka wa tatu ila siyo muajiriwa wa kampuni yenyewe, niko kupitia wakala, mkataba unasema mi ni "mshauri" na unaongezwa kila miezi mitatu, wananikata asilimia 5 ya withholdingi basi, NSSF hakuna. Waajiriwa kamba zao za kitambulisho ni bluu, sisi kijani, na kantini wenye bluu wanalipa nusu. Kazi ni ileile, rosta ni ileile, shifti ya usiku masaa 12, saa mbili mpaka saa mbili, mara nyingi usiku tano kwa wiki. Mdada mwenye bluu anayekaa kiti cha pembeni mwaka jana nilimfundisha mi mwenyewe. Sasa tumeambiwa kuna mfumo mpya unakuja utakuwa unasoma alamu na kutuma tiketi za kazi kwa mafundi wenyewe, na sisi wa kijani ndo tutaanza kuondoka. Sina hata hamu ya kuingia shifti. Nina haki yoyote au nikae kimya?
— Kijani

*Anko:* Mwanangu Kijani, jina la "mshauri" kwenye karatasi halimalizi habari. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anachukuliwa kuwa ni muajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo kama lolote kati ya mambo kadhaa lipo. Nakutajia machache: anayekupa kazi ndo anayepanga namna unavyoifanya, ndo anayepanga masaa yako, umekuwa sehemu ya ile taasisi, umemfanyia kazi wastani wa masaa 45 au zaidi kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, unamtegemea yeye kiuchumi, au unatumia vifaa vyake. Linatosha moja tu. Wewe rosta wanapanga wao, kiti chao, skrini zao, na hayo masaa 45 ya mwezi mzima unayamaliza ndani ya wiki moja. Mshauri gani huyo anayepangiwa muda wa kula?

Ukishaitwa muajiriwa, masaa nayo yana sheria. Kawaida ni masaa 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu kwa mara moja na nusu. Shifti ya masaa 12 inaruhusiwa ila kwa makubaliano ya maandishi, siku zisizidi tano na masaa ya kawaida yabaki 45, ovataimu isizidi 10 kwa wiki. Usiku tano mara 12 ni 60, hata ukitoa nusu saa ya kula kila usiku bado hapo kuna ovataimu ya wazi, iko kwenye rosta yao wenyewe, na inapita kikomo. Na saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku kisheria, kila saa ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Jumlisha miaka miwili na kitu ya hayo yote uone.

Sasa hapa nisikudanganye. Ukiingia kesho asubuhi na hiki kifungu mkononi, hiyo miezi mitatu ya mkataba ikiisha hautaongezwa, na watasema tu umeisha muda wake. Kwa hiyo kwanza kusanya kimya kimya, picha za rosta, meseji za "njoo ziba pengo leo", slipu zote, mikataba yote tangu ule wa kwanza, weka nje ya simu ya ofisi. Wakikuongezea mara zote hizo alafu ghafla wakakata, sheria inatambua kwamba ulikuwa na sababu ya kutarajia kuongezewa, na hiyo ni hoja. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, unaenda kujaza Fomu Namba 1, na kama lalamiko ni la kuachishwa una siku 30 tu, malalamiko mengine siku 60. Watu wengi wenye kesi nzuri wamepotelea hapo, anakaa kwanza nyumbani kuuguza moyo miezi miwili ndo anakumbuka. Na nendeni wengi, nyie wa kijani mko wangapi humo ndani? TEWUTA ndo chama cha wafanyakazi wa mawasiliano, wapigieni, kuuliza hakulipiwi.

Kuhusu huo mfumo wa kusoma alamu, utapunguza watu kweli, sitakuficha. Alamu mia zinazotokana na umeme kukatika eneo moja mashine inazikusanya haraka kuliko mtu. Ila mnara ukizima Kilosa usiku wa mvua, na wewe unajua yule fundi wa Morogoro simu yake haipatikani akiwa njiani ila kuna mwingine Mikumi, hiyo haipo kwenye mfumo wowote. Omba kuwa kwenye timu inayoufunga na kuufundisha huo mfumo, omba kwa barua pepe ili ombi lako libaki kwenye rekodi. Hata wakikataa umepata ushahidi kwamba ulitaka.

Ni tech ama ni mjengo?

Niaje Anko, mimi niko Nairobi, huwa nasoma hii column ya kwenu kwa sababu ya cousin yangu wa Arusha. Nilimaliza diploma ya computer nikakosa job, nikaingia kwa hizi kazi za onlaini za kufunza AI, unachorewa picha ya barabara unaweka boksi kwa kila gari, kila mtu, kila punda, ama unasoma majibu unasema gani ni poa. Nililipwa kwa task, wiki zingine inashinda kazi ya duka, wiki zingine hakuna kitu kabisa. Siku moja naamka account imefungwa, hakuna maelezo, na kulikuwa na doo zangu ndani. Watu kwa plot hudhani niko kwa tech. Mi mwenyewe sijui, hii ni tech ama ni mjengo ya onlaini? Na nirudi ama niwachane nayo?
— Wa Kahawa West

*Anko:* Salama kabisa kijana. Ni tech, na ni mjengo, na ndo maana inauma. Bila hayo maboksi hakuna gari la kujiendesha wala AI ya kujibu mtu, ila anayeweka maboksi ndo wa kwanza kufungiwa mlango.

Huko kwenu mmetutangulia kupigana, hilo niwape. Mei Mosi 2023 watu wa kusafisha maudhui, wale wanaoondoa picha na video mbaya mitandaoni, pamoja na wa kufunza AI walikutana hapo Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Mwaka huohuo wasafishaji 184 waliokuwa wanafanya kazi za Facebook kupitia kampuni ya Sama walienda kortini baada ya kupunguzwa, Meta wakabisha kwamba wao sio wa Kenya hawawezi kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema wanaweza. Kesi yenyewe ni safari, ila ule mlango wa "sisi hatuna ofisi kwenu" ulipigwa teke. Na Desemba 2024 ikatoka kwamba daktari aliwapima wengi wao na zaidi ya 140 akawakuta na maradhi ya akili yanayotokana na mshtuko, kwa vitu walivyokuwa wanatazama. Kama kwenye task zako kulikuwa na picha za namna hiyo na usiku hulali, tafuta mtu wa kuongea naye kwanza kabla ya mambo ya CV.

Ukirudi, hela ikifika kiwango cha kutoa itoe siku hiyohiyo, usiifanye benki. Usinunue wala kukodi akaunti ya mtu, najua zinauzwa, ikifungwa huna pa kulalamika maana hata jina sio lako. Piga picha za skrini kila wiki, kazi ulizomaliza na kiasi wanachodaiwa. Na tafuta kazi za lugha, wewe una Kiswahili cha Nairobi na pengine lugha ya nyumbani, kukagua majibu kwa lugha hizo kuna watu wachache kuliko kuchora boksi la gari ambalo mtu wa Manila anachora pia. Ila usiifanye ndo kazi. Iwe ya kulipa bando wakati unatafuta kitu ambacho bosi wake ana sura.

Kuku

Shikamoo Anko, niko Mwanza, ni IT pekee yangu kwenye hospitali moja binafsi. Printa yangu, mfumo wa wagonjwa wangu, kamera zangu, TV ya mapokezi yangu, simu ya mke wa mkurugenzi ikijaa picha nayo yangu. Nimeamua kuacha nikafuge kuku wa nyama. Unasemaje?
— Fundi wa kila kitu

*Anko:* Marahaba. Nimecheka sababu wewe ni wa ngapi sijui, kila mtu wa IT akichoka anaona kuku. Kwani kuku hawana shifti? Kifaranga wiki za mwanzo anataka joto usiku kucha, umeme ukikata saa nane wewe ndo jenereta. Kideri kikipita bandani hakuna bekapu ya kurudisha. Chakula ndo kitakula sehemu kubwa ya mtaji, na baada ya wiki tano sita wameshafika uzito wa kuuza, kila siku ya ziada wanakula faida yako huku mwenye hoteli anakwambia "njoo wiki ijayo".

Fuga mia kwanza ukiwa kazini, mtu wa nyumbani akusaidie mchana, na weka hesabu kwenye daftari mpaka ujue kuku mmoja amekuachia shilingi ngapi halisi. Huku kazini, anza kuandika kila ombi, nani kaomba, saa ngapi, limechukua muda gani, mwisho wa mwezi mpelekee mkurugenzi karatasi moja inayoonyesha nani aliomba nini na masaa mangapi yalienda. Akiona masaa ya simu ya mkewe yako juu kuliko ya mfumo wa wagonjwa, ama atakuongezea msaidizi ama atanuna, na vyote viwili vitakusaidia kuamua.

Vijana hawaridhiki

Anko mimi ni mwanzilishi wa startapu Arusha, tuko kumi na kitu. Developa wangu wawili wameondoka wakaenda kufanya remoti kwa dola, na waliobaki nawaona wamepoa. Nimewawekea meza ya pool, vitafunwa Ijumaa, tumeenda na Mikumi kutembea. Bado. Hawa vijana wa siku hizi wanataka nini?
— Bosi

*Anko:* Bosi, kwenye barua yako ndefu, ambayo nimeikata, umetaja kwa kupita tu kwamba mshahara wa miezi miwili ulichelewa "kidogo". Hapo ndo barua nzima ilipo. Dola za Marekani huwezi kushindana nazo na hakuna anayekutegemea ushindane nazo, ila mtu anayejua hela inaingia tarehe 25 hata ikiwa ndogo anapanga maisha, mtu asiyejua anapanga kuondoka.

Waite uwaambie ukweli kuhusu hela iliyobaki, miezi mingapi, na nini kitatokea ikifika miwili ya mwisho. Wanajua tayari kuna kitu, wanakisia kibaya kuliko kilivyo, na kila mmoja CV yake imeshatoka. Lipia NSSF zao, maana wataangalia michango yao na wewe utaonekana. Acha kutuma meseji za kazi Jumapili. Kitu kikiharibika, uliza kimetokeaje kabla hujauliza nani. Na mwachie developa mmoja kitu kizima akimiliki mwanzo mpaka mwisho, aamue mwenyewe na jina lake lijulikane kwa wateja, hiyo hao wa remoti wengi hawaipati, wao wanapewa vipande tu.

Na hiyo meza ya pool uiuze, ikasaidie tarehe 25.